Hesabu ya Ng'ombe wa Kiptoo

Nairobi
12 Februari 1984

Shangazi Rael,

Pokea salamu zangu uzigawe: kwa Mama Kipyego na goti lake, kwa watu wa kwaya, na kwa Bwana Waweru wa duka, ambaye najua atakukabidhi barua hii baada ya kuigeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha. Mimi ni mzima. Baridi ya huku haifikii ile ya Turbo, lakini ugali wao ni laini mno, unateleza hata kabla hujaukanda. Nimekonda kidogo. Usilie.

Sasa nikueleze hii kosi iliyonitoa kwenye kufundisha hesabu. Tumekuja kutoka kila mkoa. Asubuhi tunajifunza kuchambua takwimu za mvua na joto: unachukua mvua ya mahali pamoja kwa miaka thelathini, unaichora kwenye karatasi ya miraba, halafu unaitazama mpaka ianze kukuambia kitu. Mchana tunajifunza kupanga. Ukame ukija, nani ahame kwanza, apitie wapi, mifugo ile nini. Mwalimu wetu, Bwana Eliakim, anasema maafa hayaji ghafla, ila sisi ndio tunaogeuka ghafla tukayakuta nyuma yetu. Niliingia nikiwaogopa wenzangu waliotoka chuo kikuu. Siku hizi wanaleta viti vyao kwenye meza yangu kuuliza. Naipenda kazi hii, Shangazi, na ninaiweza.

Kila mmoja ameambiwa atengeneze mpango wa kwao. Mimi nimechukua kilima chetu, kutoka kwako hadi mtoni, na lengo langu ni moja: mvua ikikosa, ng'ombe wa nyumbani wasife. Mpango ukikubaliwa mwezi wa Novemba, nitapewa kazi katika ofisi ya wilaya pale Eldoret. Ukikataliwa, narudi kwenye chaki. Kwa hivyo nakuomba jambo dogo. Nihesabie ng'ombe wa kila boma, ukianza na lako, uniandikie idadi tu.

Mwanao,
Jepkosgei

Turbo
9 Machi 1984

Jepkosgei mwanangu,

Barua ilifika, na kweli Waweru aliigeuza. Sisi tuko. Goti la Mama Kipyego limehamia mguu wa pili. Usicheke mwandiko wangu. Mwalimu wa ngumbaru anasema herufi zangu zimesimama kuliko za wanaume wote darasani, na wanaume wenyewe ni wawili.

"Jambo dogo," umesema. Jambo dogo! Nimekulea tangu kaka yangu Kiptoo, baba yako, alipofariki na mama yako akamfuata. Nimekunywesha maziwa, nimekupeleka shule, na bado hujui kwamba ng'ombe wa mtu hawanyooshewi kidole wakahesabiwa? Anayehesabu anawaita wafe. Hata watoto hatuwahesabu, tunasema wapo. Nairobi imekupunguzia akili, ama imekuongezea nyingi zikamwagika?

Lakini kwa kuwa ni wewe, nilizunguka. Kipyego, mwanawe Mama Kipyego, aliniambia, "Mama, ng'ombe gani? Mimi ni mtu maskini," na nyuma yake boma zima linalia mpaka hatusikilizani. Mwingine aliuliza kama hii ni kodi mpya ama ni harambee ya chifu. Nilifika hata kwa baba yako mdogo Joseph. Aliniuliza, "Na wako, Rael, ni wangapi?" Nikamwambia wapo.

Waweru peke yake ndiye aliyehesabu. Watu wake wa Nyeri hawana huo wasiwasi. Alihesabu ng'ombe, kondoo, kuku, akataka nimwandike na mbwa. Karatasi yake nimeiweka humu ndani.

Watu wameshalima, wanangoja mvua. Mawingu yanakuja kila jioni kutuangalia, kisha yanaenda zao kama wageni walioona hakuna chai.

Ni mimi,
Shangazi yako Rael

Nairobi
30 Machi 1984

Shangazi mpendwa,

Nimewasomea wenzangu mstari wako wa akili zilizomwagika, na sasa ndilo jina langu hapa. Ahsante kwa karatasi ya Waweru. Mbwa nimemheshimu, nikamwandika pembeni.

Nilikosea, na nilikosea kama mtu ambaye hakuzaliwa kwetu. Nilipomweleza Bwana Eliakim kwamba watu wangu hawahesabu ng'ombe, alisema mpango bila takwimu ni mahubiri. Nikamjibu kwamba takwimu zitapatikana, ila hazitaingilia mlango wa mbele. Sasa sikiliza. Waulize hivi: ng'ombe wako wakianza kunywa pale mtoni, wewe ukakaa kwenye jiwe na birika lako, utakunywa vikombe vingapi vya chai kabla wa mwisho hajainua kichwa? Hapo hakuna aliyehesabu ng'ombe. Tumehesabu chai. Mwulize na Waweru, kwa sababu ng'ombe wake nimeshawajua, na kwake nitajifunza kikombe kimoja ni ng'ombe wangapi.

Kuna jambo lingine, na hili sisemi kwa mzaha. Nimechora mvua ya kwetu yote ninayoweza kuipata. Miaka ambayo Machi iliisha kavu namna hii ni michache, na katika hiyo, karibu yote, Aprili haikuokoa mtu. Sijui kesho, hakuna ajuaye. Lakini kama ng'ombe wangekuwa wangu, ningeanza kuongea na watu wa Kaptagat kuhusu malisho ya kando ya msitu sasa hivi, kabla wengine hawajafikiria. Tahadhari kabla ya hatari, si baadaye.

Mwanao mwenye akili zilizomwagika,
Jepkosgei

Turbo
6 Mei 1984

Jepkosgei,

Salamu kutoka kwa wote. Mahindi yalichomoza, yakatuona, yakajuta. Wengine wamepanda mara ya pili. Mbegu sasa ndizo tunazoogopa kula.

Maneno yako ya chai yamewasha kilima! Wanaume waliokuwa maskini mwezi wa Machi wamekuwa matajiri wa chai. Kipyego aliniapia kwamba ng'ombe wake wakinywa, yeye hunywa birika zima, huenda haja, akarudi akaanza la pili. Mzee wa pili akasema yeye humaliza na mkate. Waweru alikaa mtoni kweli na kikombe chake, akanywa, akaandika, akarudi dukani akilalamika sukari. Joseph naye alijibu, tena kwa sauti, ili asikike ng'ambo. Wote nimekuandikia upande wa pili wa karatasi hii. Wewe uliyesoma utajua la kufanya na majivuno.

Chifu alifanya baraza. Alisema hakuna njaa, na anayetangaza njaa kabla ya serikali kutangaza ni mchochezi. Kisha akaenda na Waweru dukani kumuuliza faragha kama unga utatosha. Kwa hivyo watu hawasemi neno. Wanaangalia juu tu.

Nyasi za kwangu bado zipo kidogo. Usiwe na wasiwasi, soma.

Shangazi Rael

Nairobi
17 Mei 1984

Shangazi,

Salamu fupi leo, utanisamehe. Nimeandika upesi ili barua iwahi basi la usiku.

Nimefanya hesabu. Majivuno nimeyapunguza kwa kikombe cha Waweru, maana kila aliyejisifu alijisifu karibu kiasi kilekile. Ajabu ni kwamba hata uongo una mpangilio ukiutazama ukiwa mwingi. Nimelinganisha ng'ombe wa kilima na nyasi ninazozijua, tangu mtoni hadi kwako. Nyasi hazifiki Julai. Nimerudia, Bwana Eliakim amerudia, jibu ni hilo hilo. Mpango wangu umetoka wazi: waondoke kwa zamu, wa boma la juu kwanza, wapite Eldoret, wapande Kaptagat wakiwa bado na nguvu za kutembea. Ng'ombe aliyeishiwa nguvu hahamishwi. Anazikwa.

Sasa mtu mmoja lazima atangulie, na boma la juu ni lako. Wakikuona wewe umeondoka, watakufuata, hata wale wa mabirika mawili. Nimeshamwandikia rafiki yako wa kwaya kule Kaptagat, Mama Kipkorir, na amekubali.

Lakini katika ile karatasi umeandika chai ya kila mtu, na yako haimo. Nimeitafuta mbele na nyuma. Umeniambia wapo, umeniambia nyasi zipo kidogo, umeniambia nisome. Shangazi, kuna nini? Chelewa chelewa utapata mwana si wako. Niandikie upesi.

Jepkosgei

Nairobi
14 Juni 1984

Shangazi,

Hujajibu. Namsalimu Mama Kipyego, namsalimu kila mtu, ila nakuuliza wewe tu. Seline tunayelala naye chumba kimoja anasema nimeanza kuota nikitaja nyasi. Nimeomba ruhusa ya kuja, nikaambiwa anayeondoka katikati ya kosi harudi. Nisiposikia neno kufikia mwisho wa mwezi, nitaondoka. Kazi ya Eldoret itapata mtu mwingine. Ng'ombe wa mwanamke aliyenilea hawatapata mtu mwingine.

Nakasirika nawe na ninakupenda, vyote kwa pamoja.

Jepkosgei

Turbo
2 Julai 1984

Jepkosgei mwanangu,

Usije. Kaa hapo hapo umalize. Ng'ombe wako Kaptagat, wanakula. Mimi nimerudi jana na miguu iliyovimba, Mama Kipyego ananicheka kwamba goti lake limepata mwenzake.

Sasa vuta kiti, maana nitakuandikia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Baba yako alipokuwa amelala hospitali ya misheni pale Plateau, siku zake za mwisho, aliniita peke yangu. Akasema, "Rael, ng'ombe zangu ni za huyu mtoto." Nikamwambia, Kiptoo, ni msichana, unajua wazee watasema nini. Akasema, "Si ndiyo maana nakuambia wewe." Unajua mila. Mtu asiye na mtoto wa kiume, ng'ombe wake wanaenda kwa ndugu zake. Kabla ya matanga kwisha, nilikuwa nimewatawanya. Huyu kwa rafiki huku, yule kwa rafiki kule, kama watu walivyowekeshana ng'ombe tangu zamani, mfugaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali. Joseph alipokuja kuchukua urithi alikuta wachache wamekonda. Akawachukua. Miaka ilivyopita niliwarudisha polepole, nikawachanganya na wangu, wakazaana. Hakuna aliyejua nani ni wa nani, kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Hiyo mila unayoicheka ndiyo iliyokuwa ukuta wa boma lako.

Ndiyo, lako. Wengi wa wale uliodhani ni wangu ni wako. Sikukuambia, kwa sababu mtoto asiyejua hawezi kuulizwa akajibu. Na siombi msamaha.

Sasa unaelewa kwa nini barua yako ya Mei ilinikalia kifuani. Kuhamisha ng'ombe lazima upate kibali cha ofisi ya mifugo, na kibali kinataka mambo mawili: idadi, na jina la mwenyewe. Nikiwaficha, wanakufa kwa njaa. Nikiwatoa, Joseph anawaona. Mwezi wote nilikaa nikitazama wakilamba vumbi. Mmoja alianguka. Nilimsimamisha kwa mikono yangu na mikono ya Kipyego, na Kipyego alinitazama tu. Hapo nikajua nimekuwa mjinga. Mficha uchi hazai.

Niliwatoa siku ya soko, mchana, watu wakiwepo. Bwana wa mifugo alisimama langoni na kalamu yake. Joseph alikuwa amekuja na wenzake, wameegemea ua. Yule bwana akauliza, "Mama, ni ngapi?" Nikaenda langoni, nikamgusa wa kwanza mgongoni nikasema moja. Nikaendelea. Kwa sauti, Jepkosgei, kama mtu anayesoma somo kanisani. Mama Kipyego alifunika uso. Nilisema moyoni, kama kuna laana iko kwa anayehesabu, inipate mimi, wao waende.

Tulipofika kwa wangu nikasema, hawa ni wa Rael. Kisha yule bwana akauliza, "Na hawa wengine wote, mwenyewe ni nani?" Nikasema, andika Jepkosgei, binti ya Kiptoo.

Joseph alinyanyua fimbo. Akasema, "Rael, wewe umeiba mali ya ukoo hii miaka yote, na leo unaniambia hivyo mbele ya watu?" Nikamwambia, "Kaka yangu, njoo uwachukue basi. Wachukue leo. Uko na nyasi za kuwalisha?" Hakuna aliyecheka, maana nyasi hakuna aliyekuwa nazo. Akasema mvua ikirudi wazee watakaa kuamua kesi. Nikasema watakaa.

Tulipita Turbo, tukalala njiani, tukapita Eldoret asubuhi magari yakitupigia honi, tukapanda. Kipyego alituma wake siku iliyofuata, kisha Waweru, kisha kilima kizima. Joseph amebaki. Amesema hawezi kufuata mkia wa ng'ombe wa mwanamke.

Idadi sikuandikii. Nimeitamka mara moja, yatosha.

Rael

Nairobi
5 Agosti 1984

Shangazi yangu, mama yangu,

Nilisoma barua yako kwenye ngazi za hosteli nikalia mpaka Seline akadhani nimefiwa. Sikulia kwa sababu ya ng'ombe. Nililia kwa sababu nilikuona pale langoni, peke yako, na mimi niko huku nachora mistari. Ningetaka niwe nimesimama karibu nawe. Halafu nikacheka, kwa kuwa nilikumbuka nilivyokuandikia Machi, "kama ng'ombe wangekuwa wangu." Uliisoma hiyo ukanyamaza! Wewe ni mtu wa kuogopwa.

Sasa nimeacha kulia na nimefikiri. Kijana wa Kipyego aliyepita Nairobi ameniambia ng'ombe wa Baba Mdogo Joseph wanaisha. Sifurahii. Ni damu yangu, na watoto wake wanakunywa chai ya rangi. Wazee wakikaa na yeye akiwa hana kitu, watamhurumia, na huruma ya wazee italipwa na boma langu. Nikishinda kwa maneno, nitakuwa na ng'ombe, na adui ng'ambo ya ua.

Hapa tumefundishwa tusiweke mali yote mahali pamoja, maana maafa yakipita hapo yanamaliza. Wewe ulijua hilo siku ya matanga ya baba. Basi fanya hivi. Mvua ikirudi, chagua majike wazuri, wenye mimba ikiwezekana, si wale vikongwe. Mtumie Joseph neno, kwa heshima, kupitia mtu mzima: "Jepkosgei anamwomba baba yake mdogo amfugie ng'ombe." Kwa mila ile ile. Maziwa yawe yake, ndama wawe wangu. Nyumba yake itakuwa na maziwa. Lakini siku atakapowapokea, atakuwa amewaambia watu wote ng'ombe ni wa nani, kwa sababu hakuna mtu anayemfugia mwingine ng'ombe walio wake mwenyewe. Baada ya hapo wazee hawana la kukalia.

Akikataa, nitakuja kusimama mbele yao mwenyewe. Siogopi. Lakini nadhani hatakataa.

Bwana Eliakim amepeleka mpango wangu kwa wakubwa, pamoja na ile hesabu ya chai. Anasema walicheka, kisha wakaomba nakala.

Jepkosgei

Turbo
18 Novemba 1984

Jepkosgei mwanangu,

Habari ya kwamba umepita na kwamba Eldoret wanakungoja mwezi wa Januari ninayo. Waweru aliisoma telegramu yako kwa sauti kabla sijaishika, dukani, watu wamejaa. Nikajifanya nimekasirika. Kwaya iliimba Jumapili. Mama Kipyego alisimama wimbo mzima bila kushika benchi.

Mvua imerudi, na kilima ni kijani. Ng'ombe wamerudi kutoka Kaptagat. Wachache hawakurudi, uzee na safari, siwezi kukudanganya. Waliobaki wamenona.

Joseph nilimtumia neno kama ulivyosema, kupitia Kipyego. Kanisani alikuwa akitazama viatu vyake. Nikasema moyoni, huyu atawaita wazee, na nikaanza kutafuta maneno ya kuwaambia. Kisha asubuhi moja namwona langoni, ameshika kamba, na mzee wa ukoo yuko naye. Nilimkaribisha chai, akakataa kuketi. Akasema, "Rael, nimekuja kuchukua ng'ombe wa Jepkosgei nimfugie."

Nikamwambia, "Kaka, sikio langu hili limezeeka. Umesema nini?"

Akarudia, kwa sauti. Yule mzee alisikia, Mama Kipyego alisikia ng'ambo ya ua, na kufikia saa sita Waweru alikuwa amewauzia wateja wote habari hiyo pamoja na chumvi. Nilimpa wale wazuri, kama ulivyoagiza. Aliwashika mgongoni taratibu, nikaona macho yake yamejaa maji, na mimi nikaangalia pembeni ili asijue nimeona. Alikuwa amepoteza karibu wote, Jepkosgei. Ni kaka yangu.

Jana mmoja amezaa kwake, ndama dume, mweusi, mrefu wa miguu. Joseph alikuja hapa jioni, safari hii akaketi, akanywa. Anasema ndama huyo ana mwili wa fahali, yeye angependa aachwe asihasiwe. Nikamwambia fanya unavyoona. Akatikisa kichwa, akasema hapana, ng'ombe si wake, hawezi kuamua.

Mwandikie baba yako mdogo upesi. Anangoja ruhusa yako.

Rael